Nani alimziba nani njia St. Louis?

Usiku wa kuamkia Jumanne, Septemba 19, 2023, kuelekea saa tisa kwa saa zetu za Afrika Mashariki, nilikuwa sebuleni na simu mkononi, sauti nimeizima nisije nikaamsha watu, namwangalia Adam Wainwright wa St. Louis Cardinals, mzee wa miaka 42, akirusha mpira wa besiboli taratibu kuliko karibu kila mtu anayefanya kazi ile. Silaha yake ni mpira wa kupinda. Unatoka mkononi kama unakwenda kumgonga mpigaji begani, mpigaji anajivuta nyuma kidogo, halafu unaporomoka kama embe lililoachiwa na tawi na kumfikia mdakaji kwenye usawa wa magoti. Enzi za ujana wake mpira ule ulimaliza mechi ya saba ya mtoano. Usiku ule ulikuwa unakwenda kwa maili zipatazo 70 kwa saa, mwendo wa basi la mkoani dereva akiwa na haraka zake, na bado wapigaji wa Milwaukee Brewers, waliokuwa njiani kuchukua ubingwa wa kundi lao, walishindwa kuupata sawasawa.

Awamu saba kati ya tisa za mechi, mipira 93, mapigo manne, na hakuruhusu mkimbio hata mmoja, mkimbio ukiwa ndio pointi ya mchezo huu. Cardinals nao waliambulia mkimbio mmoja tu, Willson Contreras alipoupiga mpira ukavuka ukuta, na mechi ikaisha 1-0. Wainwright akawa ametimiza ushindi wa 200 ulioandikwa kwa jina lake. Hakupanda tena kwenye kichuguu cha kurushia katika mechi ya ligi ile.

Ukiitazama mechi hiyo peke yake ni hadithi tamu ya kusimulia wajukuu. Shida ni miezi mitatu iliyoitangulia. Kuanzia Juni 17, alipopata ushindi wa 198 ugenini kwa New York Mets, hadi Septemba 12, alipopata wa 199 kule Baltimore, hakuandikiwa ushindi hata mmoja, na alipoteza mara 10 mfululizo. Msimu wake uliishia kwenye ushindi 5 na vipigo 11, na wastani wa mikimbio 7.40 kwa kila awamu 9. Kwa asiyefuatilia mchezo huu: mrushaji mwenye wastani wa 4 ni mtu wa kawaida, mwenye 5 anaanza kuulizwa maswali, na mwenye 7.40 haulizwi kitu, anafungasha virago. Cardinals wenyewe walishinda mechi 71 wakapoteza 91, wakashika mkia wa kundi lao kwa mara ya kwanza tangu 1990.

Kiangazi kizima mashabiki wa St. Louis waligombana juu yake, na hawa ni watu wanaojiona kuwa ndio wanaoujua mchezo kuliko miji mingine yote ya Marekani, kwa hiyo ugomvi wao huwa mrefu. Upande mmoja ulisema mzee akae: kila zamu anayopewa ni mechi iliyotupwa, na nyuma yake kuna vijana wanaozibiwa njia. Upande wa pili ulisema mtu aliyeipa klabu hii miaka 18 ana haki ya kuondoka kwa miguu yake mwenyewe. Nami sitajifanya mtakatifu: mpaka mwishoni mwa Julai nilikuwa upande wa kwanza. Nilihama Agosti, na sikuhamishwa na huruma.

Tuanze na kazi yenyewe, maana mjadala huu ukiuchukua kama wa soka utakupotea. Kwenye soka mkongwe ana pa kujificha. Kocha anamwingiza dakika ya 75, anatoa pasi mbili za maana, uwanja unamshangilia, watu wanaenda nyumbani wameridhika. Mrushaji wa kuanza hana dakika ya 75. Anapanda kichuguu katikati ya uwanja na mchezo hauanzi mpaka auachie mpira. Akiwa mbovu, ubovu unaonekana dakika ya tatu, mbele ya watu elfu 30, na mwenzake hawezi kumsaidia kukaba. Timu huwa na watu watano wa namna hiyo wanaopokezana zamu, kila mmoja takribani mara moja kwa siku tano. Msimu una mechi 162. Kumpa mtu zamu ni kumkabidhi karibu sehemu moja ya tano ya mwaka wako wa kazi, na kama hana uwezo nao, unaijua mapema siku ambayo utachapwa.

Kwa mantiki hiyo wakosoaji walikuwa na hoja. Kasi ya mpira wake wa moja kwa moja ilishuka hadi maili kama 86 kwa saa, katika ligi ambayo wastani wa mpira wa aina hiyo unakaribia 94. Maili nane zinaonekana chache ukizisoma. Kwa mpigaji anayepaswa kuamua kabla mpira haujafika nusu ya njia, ni tofauti ya kuwa na nafasi ya kufikiri na kutokuwa nayo. Na mpira wa kupinda hauwezi kuishi peke yake. Unamdanganya mpigaji kwa sababu anaogopa ule wa kasi. Akishaacha kuuogopa ule wa kasi, anausubiri huu wa kupinda kama mtu anayesubiri daladala kituoni, akijua utapita tu.

Sasa, huyu ni nani hasa mpaka mji ugawanyike? Cardinals walimpata Desemba 2003 kutoka Atlanta, kwenye biashara ambayo jina kubwa lilikuwa J.D. Drew, na Wainwright alikuwa kama nyongeza tu kwenye kapu. Mwaka 2006, akiwa bado mgeni, mmaliziaji wa timu aliumia na yeye akapewa kazi ya kufunga mechi. Oktoba 19 mwaka huo, New York, mechi ya saba ya kuwania kuingia fainali, besi zote zina wachezaji wa Mets wanaosubiri kufunga, wawili wameshatolewa na wa tatu akitoka mechi imekwisha, Carlos Beltrán wa Mets alisimama akautazama mpira wa kupinda ukimpita kwa straiki ya tatu, yaani akatolewa. Bati halikutoka begani. Siku nane baadaye akamtoa Brandon Inge wa Detroit na Cardinals wakawa mabingwa. Baadaye akawa mrushaji wa kuanza, akashinda mechi 20 mwaka 2010 na 20 tena mwaka 2014. Katikati alikosa msimu mzima wa 2011 kwa upasuaji wa kiwiko, na mwaka 2015 kano la kisigino lilikatika. Mwaka 2021, alipofikisha miaka 40, alishinda 17 na kupoteza 7. Yeye na mdakaji Yadier Molina walianza pamoja mechi 328, na hakuna mrushaji na mdakaji wengine katika historia ya ligi waliofika hapo.

Kwa hiyo kumbukumbu ilikuwa nzito. Ila kumbukumbu haikumpa zamu mwaka 2023. Zamu alipewa na ofisi, na hapo ndipo ugomvi wa mashabiki ulipolenga pembeni.

Turudi msimu wa 2022. Wainwright, akiwa na miaka 40 kwenda 41, alirusha awamu zaidi ya 190 na wastani wake ukaishia 3.71, ambao ni mzuri. Ukiufungua ndani, Septemba ilikuwa imeoza. Alipigwa mpira wa moto kwenye goti, urushaji wake ukabadilika, akaanza kuadhibiwa. Cardinals walipokutana na Philadelphia Phillies kwenye mtoano Oktoba, mechi mbili walizocheza na kupoteza zote walianzisha José Quintana na Miles Mikolas. Yaani klabu yenyewe, ilipofika siku ya kuumia, haikumweka mbele. Wiki chache baadaye ikampa mkataba wa mwaka mmoja wa dola milioni 17.5.

Mimi sina neno na mkataba huo. Mzee amefikia ushindi 195, mji unampenda, klabu ina hela, apewe. Neno langu ni kilichofuata: hakuna. Quintana aliachwa aende Mets. Molina na Albert Pujols walistaafu. Ofisi ya John Mozeliak, bosi wa kusajili wachezaji wa klabu, ilitoa dola milioni 87.5 kwa miaka mitano kumleta Contreras arithi nafasi ya Molina, na upande wa warushaji wa kuanza haikumleta mtu. Watano wa zamu wakawa ni wale wale: Mikolas, Jordan Montgomery, Jack Flaherty, Steven Matz, na Wainwright. Mmoja wao ana miaka 41 na goti lenye historia ya karibuni. (Nitakuwa muungwana: Quintana mwenyewe aliumia kabla msimu haujaanza na akarudi Julai. Hata angebaki, asingekuwa mwokozi. Lakini ukikosa bahati na mtu uliyemnunua, angalau ulinunua.)

Mzee wa miaka 41 unaweza kumweka kwenye hesabu zako kama faida. Akirusha vizuri mara 20, umepata zawadi. Akishindwa, unaye mwingine. Cardinals walimweka kwenye hesabu kama msingi. Machi akaumia kinena wakati akiwa na timu ya taifa ya Marekani kwenye mashindano ya dunia, akaanza msimu kwenye orodha ya majeruhi. Siku ya ufunguzi alishika kipaza sauti akaimba wimbo wa taifa, kwa sababu hana kingine cha kufanya. Watu walicheka, na kweli ana sauti nzuri. Ila ukitaka picha moja ya msimu ule, ndiyo hiyo: nguzo ya timu imesimama karibu na kichuguu ikiimba, na mechi inaanza bila yeye. Alirudi Mei 6. Wakati huo Cardinals walikuwa wameshazama, na kati ya mechi walizozamia hakuna hata moja aliyorusha yeye.

Hilo la mwisho lirudie kichwani, maana kwenye mabishano ya kiangazi lilisahaulika kabisa. Timu ilikuwa mkiani kabla hajarudi. Mwezi huo huo wa Mei ndipo klabu ilipomtoa Contreras kwenye kazi ya udakaji kwa siku kadhaa, mtu waliyemnunua kwa fedha zote zile kwa kazi hiyo hiyo, kwa sababu yeye na warushaji walikuwa hawajaelewana. Nyumba ilikuwa inavuja kila kona. Mzee alipoingia na ndoo yake iliyotoboka, watu wakaona ndoo.

Hata hivyo nilisema nilikuwa upande wa wakosoaji mpaka Julai, na siombi radhi. Mei na Juni bado kulikuwa na kitu cha kugombania. Kundi lao lilikuwa dhaifu, pengo lilikuwa linazibika kwa wiki mbili nzuri. Katika hali hiyo, ukiwa na mrushaji anayechapwa kila zamu yake, unamweka pembeni hata kama ana sanamu nje ya uwanja. Mapema Julai bega lilipomuuma na akarudishwa kwenye orodha ya majeruhi, nilidhani kocha Oliver Marmol amepata mlango wa heshima wa kumtoa. Alirudi Julai 24, akaendelea kuchapwa, nami nikaendelea kulalamika.

Halafu ikaja Julai 30 na siku mbili zilizofuata.

Cardinals waliuza. Montgomery akaenda Texas, ambako miezi mitatu baadaye alivaa pete ya ubingwa. Flaherty akaenda Baltimore. Jordan Hicks na Paul DeJong wakaenda Toronto. Klabu ilikuwa imetangaza kwa vitendo kwamba mwaka umekwisha. Kati ya watano wa zamu, wawili wameuzwa, na Matz naye akaumia Agosti. Waliobaki ni Mikolas na mzee.

Hapo hoja ya vijana kuzibiwa njia ilikufa, ingawa watu waliendelea kuibeba kama maiti isiyopata makaburi. Njia ipi? Nafasi zilikuwa tatu wazi. Matthew Liberatore, yule mrushaji wa mkono wa kushoto waliyempata kwa kumtoa Randy Arozarena, alipewa zamu, na Agosti aliwanyamazisha Tampa Bay, timu iliyomuuza, kwa awamu nane bila mkimbio. Dakota Hudson alipewa. Zack Thompson alipewa. Drew Rom, aliyekuja kwenye biashara ya Flaherty, alianzishwa mara nane na wastani wake ukawa 8.02. Mbovu kuliko mzee! Hakuna kijana aliyekuwa anakaa benchi akilia huku Wainwright amekalia kiti chake. Kulikuwa na viti vitupu, na ofisi inatafuta wa kuvikalia.

Kwa hiyo swali la Agosti lilikuwa tofauti na la Juni, na wengi wetu tulilijibu kwa majibu ya Juni. Juni unauliza: nani atatusaidia kushinda? Agosti, timu ikiwa mkiani na wenye thamani wameuzwa, unauliza: mechi hizi 50 zilizobaki ni za nini? Kama ni za kuwapima vijana, wapimwe, na walipimwa. Zikibaki zamu tisa hivi za kumpa mtu ambaye tiketi bado zinauzwa kwa jina lake, hujamwibia mtu.

Hoja ya kwamba ushindi 200 ni ubinafsi naiheshimu zaidi, kwa sababu ina ukweli ndani. Ushindi wa mrushaji ni kipimo cha ajabu. Anaandikiwa akiwa amemaliza angalau awamu tano, timu yake ikiwa mbele, na wanaomfuata wasiuharibu. Wenzake wasipopata mikimbio, hata akirusha kama malaika hapati kitu. Kule Kansas City, jimbo lile lile la Missouri, mrushaji Zack Greinke alikuwa na miaka 39 na timu mbovu zaidi, Royals waliopoteza mechi 106. Wastani wake ulikuwa 5.06, yaani zaidi ya mikimbio miwili pungufu ya Wainwright kwa kila mechi kamili. Rekodi yake? Ushindi 2, vipigo 15. Mbovu kuliko Wainwright kwa kipimo cha ushindi, bora kwa mbali kwa kipimo kingine chochote. Naye alikuwa na namba yake ya kukimbiza, watu 3,000 waliotolewa kwa straiki, na alikwama kwenye 2,979. Hakupata sherehe. Mtu anayesema namba 200 haipimi ubora wa Septemba 2023 yuko sahihi kabisa.

Ila namba 200 haikuwa inaulizwa kuhusu Septemba 2023. Katika klabu ya Cardinals, iliyoanza karne ya 19, waliofika huko wakiwa na jezi hiyo ni Bob Gibson mwenye 251 na Jesse Haines mwenye 210. Wainwright ni wa tatu. Shabiki aliyekuwa anahesabu 198, 199, alikuwa anahesabu miaka 18 yake mwenyewe, mahali alipokuwa amekaa Beltrán alipoganda, nani alikuwa hai wakati huo. Huwezi kumwambia mtu huyo aangalie wastani wa mikimbio. Ameuona, na hakuja kwa ajili yake.

Kuna waliotaka njia ya kati: apelekwe kwa warushaji wa akiba, aingie awamu moja moja. Inaonekana ya busara mpaka ukumbuke yaliyompata Félix Hernández. Huyu alikuwa mfalme wa Seattle, kutoka Valencia, Venezuela, aliyeanza ligi akiwa na miaka 19, akarusha mechi kamilifu, ile ambayo hakuna mpigaji anayefika besi, Agosti 15, 2012, akasaini mkataba wa dola milioni 175, na katika miaka yote hiyo klabu yake, Seattle Mariners, haikumfikisha kwenye mtoano hata mara moja. Agosti 2018, baada ya kuanza mechi 398 bila kutokea akiba hata siku moja, alishushwa. Uamuzi ulikuwa wa haki, maana mwaka ule Seattle walikuwa wanagombania kitu. Siku chache baadaye, Oakland, James Paxton alipigwa na mpira mkononi kwenye awamu ya kwanza kabisa. Nani aingie? Félix. Akarusha zaidi ya awamu tano, na zamu yake ikarudi. Yaani mzee aliyeondolewa kwa kuwa hafai aliitwa ndani ya wiki, kwa sababu warushaji wa kuanza hawaokotwi njiani. Mwaka uliofuata, Seattle wakiwa wanabomoa timu ili waijenge upya, walimwacha aanze mpaka mwisho akiwa na ushindi 1 na vipigo 8, na Septemba 26, 2019 mashabiki waliovaa fulana za njano walimwimbia huku analia. Klabu ile ile, mtu yule yule, maamuzi mawili tofauti, na yote mawili sahihi. Kilichobadilika ni kwamba 2018 timu ilikuwa na pa kwenda.

Wapo pia wanaosema mrushaji mkubwa kweli huibeba timu mbovu, na hapa jina linalotajwa ni Steve Carlton. Mwaka 1972 Phillies walishinda mechi 59 tu, na 27 kati ya hizo ni za kwake. Ni moja ya misimu isiyoaminika katika mchezo huu: alianza mechi 41, akamaliza 30 mwenyewe mwanzo hadi mwisho. Lakini Carlton mwaka ule alikuwa na miaka 27. Miaka 14 baadaye, Phillies walipomwachia, alizunguka San Francisco, Chicago, Cleveland na Minnesota akibisha hodi kila mlango, mpira hauendi tena, na hakuna aliyeweza kumwambia nenda nyumbani mpaka milango ikaisha. Na ukitaka kujua Phillies walimpata wapi: Cardinals walimuuza Februari 1972 kwa kugombania mshahara. St. Louis wana historia yao ya kuwaza vibaya kuhusu warushaji.

Ukimweka Wainwright karibu na Carlton wa uzeeni unaona alichofanya tofauti. Alitangaza mapema kuwa 2023 ndio mwisho, hakuomba mwaka mwingine, na baada ya usiku ule wa 200 aliweka mpira chini, ingawa ratiba ilikuwa bado na mechi. Wikendi ya mwisho dhidi ya Cincinnati wakamwingiza kama mpigaji, kwa heshima tu, mtu ambaye mwaka 2006 mpira wa kwanza kabisa kurushiwa kwenye ligi aliupiga ukavuka ukuta. Safari hii ulibiringika ndani. Kisha akashika gita na kuwaimbia watu waliobaki uwanjani.

Sisemi alirusha vizuri. Agosti 11 kule Kansas City alitolewa mapema sana akiwa ameshatoa mikimbio minane, na mtu yeyote aliyekuwa anamtakia mema alitamani kuzima simu. Mikimbio 83 katika awamu 101, hiyo ni hesabu isiyotetewa. Ninachosema ni kwamba miezi yote ile mjadala ulikuwa kuhusu mtu mmoja kati ya watano, na ofisi iliyokwenda vitani ikiwa na watano hao tu ilipita kimya kimya nyuma ya migongo ya wabishi. Mozeliak hakuwa anazomewa kila siku ya tano. Wainwright ndiye aliyekuwa anapanda kichuguu.

Novemba 2023 ofisi ikaonyesha kwamba imesikia kilio. Kwa siku chache tu ilisaini warushaji watatu wa kuanza: Lance Lynn, miaka 36. Kyle Gibson, miaka 36. Sonny Gray, miaka 34. Gray alistahili kila senti. Wale wawili walikuwa wa kujaza zamu, na mwaka mmoja baadaye klabu haikuongeza mikataba yao. Timu ilishinda 83 ikapoteza 79, mtoano ikausikia kwenye redio.

Na Liberatore, kijana aliyesemwa sana kuwa mzee kamzibia? Mwaka 2023, Wainwright akiwepo, alianza mechi 11. Mwaka 2024, Wainwright akiwa nyumbani kwake na gita, alianza 6. Mechi nyingine zote, zaidi ya 50, alitokea akiba.